Klabu ya vijana mtaani: wape funguo za sanduku, hotuba waachie wanasiasa

Mlezi_Manyatta (mwenye uzi)

Wadau, salamu kutoka Manyatta, Kisumu. Nalea klabu ya vijana wa miaka 13 hadi 17, tunakutana Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Wapo wa Gredi ya 8 na 9, wapo wa sekondari, na wapo wachache walioacha shule wanaosaidia mama zao sokoni Kibuye.

Kilichonileta hapa ni wageni. Haupiti muda bila mtu kunitumia ujumbe kwamba anataka kuja "kuwatia moyo vijana". Anafika na suti, anaongea saa nzima juu ya ndoto, anawaambia nyinyi ndio viongozi wa kesho, anapigwa picha, anaondoka. Wiki inayofuata ukiwauliza walikumbuka nini watakwambia alivaa viatu vikali.

Msimamo wangu ni huu na mkitaka nipigeni mawe: uongozi hauingii kwa masikio. Kijana huujua uongozi akikabidhiwa kitu ambacho kikiharibika kila mtu ataona ni nani aliyekuwa nacho.

Kwetu kitu hicho ni sanduku la chuma la kufuli 3, kama lile la vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Funguo wanazo vijana watatu tofauti, na sanduku linalala kwa wa nne asiye na ufunguo. Kila anayehudhuria analeta shilingi 10. Asiye nayo anaandikwa na hakuna anayemsema. Mweka hazina ni msichana wa Gredi ya 9. Muhula uliopita hesabu ilikataa: daftari lilisema 1,460, mkononi kukawa na 1,310. Ukumbi ukawa kimya. Mkono wangu ulikuwa unawasha kutoa 150 mfukoni tuyaishe. Niliukalia. Yule msichana akasimama na daftari, akaanza kusoma mstari mmoja baada ya mwingine, sauti ikitetemeka, mpaka mmoja akauliza, "Na zile manila za mabango nani alilipa?" Zilikuwa zimetoka kwenye sanduku, risiti iko mfukoni mwa mwenyekiti, na hakuna aliyeandika. Mwenyekiti, kijana mrefu mwenye maneno mengi, aliomba radhi mbele ya wenzake akiangalia sakafu. Siku hizi hata pipi hainunuliwi bila risiti. Niambieni ni hotuba gani ingefanya kazi hiyo.

Sasa nilipokwama ni upande wa kazi. Ukiwauliza wanataka kuwa nani, jibu ni daktari, rubani, wakili, na siku hizi influensa. Hakuna aliyewahi kunitajia kazi hata moja inayofanyika kwa mwendo wa miguu kutoka pale ukumbini. Na wa Gredi ya 9 wanatakiwa kuchagua mkondo wa masomo wa Gredi ya 10. Mnafanyaje huko kwenu?

---

Mwalimu_Njoro

Mlezi, pokea salamu kutoka kaunti ya Nakuru. Hili la mkondo linatuumiza vichwa walimu wa sekondari msingi kuliko watu wanavyodhani. Mikondo ni 3: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mtoto anachagua masomo 3 ndani ya mkondo wake, juu ya yale ya lazima, na Hisabati haikwepeki kokote baada ya zile kelele za 2025 za kupinga isifanywe somo la hiari. Wazazi wengi wameshaitafsiri kivyao: STEM ni ya wenye akili, Sayansi za Jamii ni ya wa katikati, na Sanaa na Michezo ni ya waliobaki. Nimemsikia mzazi akimwambia mtoto anayechora vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha kwamba "hatukulipa karo ucheze".

Ninachofanya na klabu yangu ni mahojiano. Kila kijana anamtafuta mtu mzima mmoja anayefanya kazi, asiwe mzazi wake wala mwalimu, anakwenda na daftari. Maswali tunayatunga pamoja, na marufuku kuuliza "siri ya mafanikio yako ni nini". Tunauliza: nani alikufundisha? Chombo cha kwanza ulikinunua kwa pesa gani? Mwezi mbaya unakuwaje? Ni sehemu gani ya kazi hii unaichukia? Ungekuwa Gredi ya 9 leo ungechagua masomo gani?

Kijana mmoja alimhoji mjomba wake wa kule Olkaria, kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini wa kuzalisha umeme. Alikwenda akidhani mle ndani ni mainjinia tu. Akarudi na kurasa mbili zimejaa: mjiolojia anayesoma mawe yanayotoka kisimani, wachimbaji wa zamu ya usiku, wachomeleaji wa mabomba, mkemia wa kupima maji, afisa wa mazingira kwa sababu eneo lenyewe limo ndani ya mbuga ya Hell's Gate, mpishi wa kambi, karani wa stoo. Mjomba mwenyewe ni karani wa stoo! Darasa zima likaanza kuona kwamba mahali pamoja pa kazi panabeba watu wa mikondo yote 3.

Kwenu Kisumu mna utajiri. Muulizeni kijana yeyote, ile meli MV Uhuru II ilijengwa wapi. Ilijengwa hapo hapo, kwenye kiwanda cha meli. Kuna mtu aliyeichomelea.

---

Omera_Nyalenda

Mwalimu yuko sawa lakini mimi nitasema ukweli mchungu. Nimekulia Nyalenda na nimepitia klabu za vijana zisizohesabika. Kila mradi ulikuja na tisheti. Nilikuwa na tisheti za uongozi, za mazingira, za amani, za "Niko na Maono". Mradi ukiisha mlezi anazima simu. Kabatini zimejaa vyeti vya semina na hakuna mwajiri aliyewahi kuuliza hata kimoja. Kijana wa mtaani anataka karo na chakula, hizi klabu ni za watoto wa wadosi, wenye pesa zao.

---

Mlezi_Manyatta

Omera, sikupingi kuhusu tisheti. Sisi hatuna hata moja na sina mpango nazo. Lakini hapo kwa watoto wa wadosi ndipo tunapoachana. Mtoto wa mdosi hahitaji klabu: baba yake anamjua wakili, mama yake anamjua daktari wa meno, likizo anakaa kwa shangazi mhasibu. Anajua kazi kwa kukaa mezani. Wetu anamjua mwalimu, polisi na mwenye duka. Klabu inajaribu kumpa hao mashangazi asionao.

---

Mama_wa_Kondele

Hamjambo nyote. Mimi ni mzazi, nina msichana wa miaka 14, nasoma uzi huu kimya kimya tangu juzi. Naomba kuuliza mambo ambayo wanaume hamjayagusa.

La kwanza: hao watu wazima wanaokaa na watoto wetu ukumbini ni akina nani, na nani amewachunguza? Simtuhumu mlezi. Lakini kila mtu akisema "klabu ya vijana" mimi mzazi nasikia mlango uliofungwa na mwanangu yuko ndani.

La pili: Jumamosi ni siku ya kufua. Kijana wa kiume anaoga anaenda klabu. Wa kike anabaki na beseni, mtoto mdogo mgongoni, na sufuria jikoni. Halafu mnatwambia wasichana hawajitokezi kwenye uongozi.

---

Mlezi_Manyatta

Mama, asante, na nitajibu kama ulivyouliza.

Walezi wa kudumu ni wawili, mimi na dada mmoja anayefanya kazi kliniki. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na kijana mmoja, hata kwa dakika tano. Mazungumzo ya faragha ni nje, uani, mahali kila mtu anatuona hata kama hatusikii. Kila mlezi ana cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kile cha kuomba eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, na nakala ziko kwa kamati ya wazazi. Mgeni akija kuongea hapewi namba ya simu ya kijana yeyote. Ukutani tumeandika 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto, kwa maandishi makubwa kuliko jina la klabu. Na mlango haufungwi. Njoo uketi nyuma siku yoyote bila kutuambia.

La beseni ni gumu zaidi na sijifanyi nimelimaliza. Tulisogeza kikao kikawa saa nane mchana, wasichana wakaongezeka kidogo. Kilichobadilisha mambo ni wazazi kuitwa kwenye kikao ambapo vijana wenyewe ndio walioendesha ajenda. Baba mmoja alimwona binti yake akisimamia mjadala na kumnyamazisha mzee aliyekatiza wenzake, kwa heshima lakini kwa uthabiti. Wiki iliyofuata tulisikia kwamba kaka yake ameanza kufua soksi zake. Soksi tu, lakini tulipiga makofi.

---

Mama_wa_Kondele

Soksi ni mwanzo 😂. Nitakuja, na sitawaambia siku.

---

Mzee_wa_Webuye

Wanangu, mnaongea kama mambo haya yameanza juzi. Sisi tulikuwa na 4-K shuleni, klabu ya kilimo: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Ilianza 1962, kabla hata ya Uhuru, kwa kufuata mfano wa klabu za 4-H za Marekani. Baadaye ikalala usingizi mrefu, serikali ikaifufua 2021.

Nikumbuke yetu. Tulilima, tukapanda kabichi, tukabeba maji kutoka mtoni mpaka mabega yakachubuka. Kabichi zikafunga vizuri ajabu. Siku ya kuvuna walimu wakazigawana, sisi tukaambiwa tuimbe wimbo wa klabu. Shule siitaji. Lakini niambieni, hapo tulifunzwa kilimo au tulifunzwa kulimia wengine? Ndiyo maana hilo sanduku la kufuli tatu limenifurahisha. Mtoto akilima ajue kabichi imeuzwa bei gani na pesa imekwenda wapi.

---

Mulembe_Kakamega

Mulembe mzee! Hiyo ya kabichi imeniua.

Nikiongeza: kama mlezi anataka mpango uliokwisha kupangwa badala ya kubuni kila kitu, aangalie President's Award. Upo Kenya tangu 1966, ni tawi la ule mpango wa kimataifa wa Duke of Edinburgh, na unapokea vijana wa miaka 14 hadi 24. Ngazi ni shaba, fedha na dhahabu. Kila ngazi ina huduma kwa jamii, ujuzi, mazoezi ya mwili na safari. Dhahabu inaongeza siku za kuishi na kufanya kazi na watu usiowajua.

Mimi niliufanya nikiwa sekondari. Safari ya shaba ni siku 2 na usiku 1, kikundi cha watu 4 hadi 7, na sisi tulikwenda upande wa msitu wa Kakamega. Watu hudhani somo ni kutembea. Somo ni kupanga chakula. Aliyepewa kazi ya kununua alinunua unga wa kutosha na kusahau chumvi, na kibiriti kikaloa. Mwalimu alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu na kibiriti kikavu mfukoni, na hakukitoa. Tulilala na ndizi mbivu. Asubuhi kikundi kilimkasirikia kiongozi, kiongozi akataka kujiuzulu, tukalazimika kukaa chini ya mti na kusemezana kabla ya kuanza kutembea. Leo nasimamia wafanyakazi, na kila nikiona kikao kinaelekea kuvunjika nakumbuka ule mti.

Skauti nao wana kitu hicho hicho ukikiangalia vizuri: doria ya vijana sita hadi wanane, na kiongozi wa doria ni wa rika lao. Tatizo ni pale mwalimu anapogeuza doria kuwa gwaride la kupokea wageni.

---

Omera_Nyalenda

Sawa, la kibiriti nimelikubali. Lakini gharama? Sare, ada, safari. Turudi pale pale kwa wadosi.

---

Mulembe_Kakamega

Hoja halali, kaka. Shule nyingi za kutwa zinashindwa hapo kwenye safari. Ila wazo lenyewe halihitaji ada. Wape vijana wa Manyatta kazi ya kupanga safari ya siku moja hadi Kogelo kwa matatu, bajeti wafanye wao, walezi wakae viti vya nyuma. Kituo cha Sauti Kuu cha Auma Obama, dada wa kambo wa Barack Obama, kile kilichofunguliwa 2018, kina uwanja na sehemu za kujifunzia, na ni kwa ajili ya vijana wa rika hilo. Waandike barua wenyewe kuomba kuja. Barua tu ni mafunzo tosha.

---

Karani_wa_Wadi

Niingie na jambo la kisheria ambalo huwakwamisha walezi wengi. Katiba ya 2010, kifungu cha 260, inasema kijana ni mtu aliyefika miaka 18 na hajafika 35. Kwa hiyo hao wenu kisheria ni watoto. Mifuko yote yenye neno "vijana" haiwahusu, hawana kitambulisho, hawawezi kuwa viongozi wa kikundi kilichosajiliwa. Nimeona walezi wakijaza fomu za mikopo ya vijana kwa niaba ya watoto wa miaka 15, halafu wanashangaa kukataliwa. Sajilini kikundi cha wazazi na walezi, watu wazima wasiopungua 10, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, klabu ikae ndani yake.

Upande wa pili wa shilingi: utoto hauwazuii kusema. Vikao vya kaunti vya kusikiliza maoni ya bajeti viko wazi kwa umma. Makadirio yanatakiwa yafike bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, kwa hiyo andikeni mapema. Na msiandike "tunaomba mtujali sisi vijana". Hiyo inaenda pipani. Andikeni taa ya barabarani ya mahali fulani haiwaki, iko kati ya jengo gani na gani, wasichana wangapi wa klabu wanapita hapo jioni. Karani akipata karatasi ya namna hiyo anajua aipeleke idara gani. Nasema kwa sababu ndiyo kazi yangu, na karatasi za namna hiyo ni adimu, hata kutoka kwa watu wazima.

---

Mlezi_Manyatta

Karani, hiyo ya taa umetupa kazi ya mwezi mzima. Tunayo moja, tena karibu na daraja, na kila msichana kwenye klabu ana hadithi ya pale. Nitamwachia katibu aiandike yeye. Mimi nitasoma tu tahajia.

---

Fundi_Friji_Ksm

Nimefika nimechelewa, nilikuwa juu ya paa la mtu.

Mimi ni fundi wa friji na mashine za barafu. Samaki wa ziwa hili bila barafu ni hasara kabla jua halijafika utosini, kwa hiyo kazi ipo. Na sijawahi, hata siku moja, kualikwa shule yoyote siku ya kuwaeleza watoto kuhusu kazi. Wanaitwa wenye tai. Halafu mwenye tai friji yake ikifa Ijumaa jioni ananipigia simu kwa sauti ya upole kabisa.

Watoto wanadhani ufundi ni wa aliyefeli. Mimi Fizikia naitumia kila siku. Mtu anasema friji haigandishi. Sikimbilii kujaza gesi, huyo ni fundi wa kula pesa. Nafunga geji nisome presha. Ikiwa chini, natafuta inapovuja: naangalia doa la mafuta kwenye viungo vya bomba la shaba, kwa sababu gesi ikitoka hutoka na mafuta ya kompresa. Nikishuku mahali napaka maji ya sabuni. Povu likivimba, nimempata mwizi. Naziba, navuta hewa yote itoke, ndipo najaza gesi kwa uzito unaoandikwa kwenye kibandiko, si kwa kukisia. Hapo kuna presha, joto, uzito na kusoma. Na kuna kuongea na mteja, maana nusu ya ugomvi wa kazi hii ni bei ambayo haikusemwa mapema.

Nilianza kwa kubeba mkoba wa fundi mwingine, nikafanya majaribio ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, daraja la III, nikapanda. Kijana wa sasa ana njia nyingi zaidi. Hao wenu wa 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu, ambao KCSE yao ya mwisho (mtihani wa kumaliza sekondari) ni 2027 wajue hesabu hii: C+ ndiyo ya shahada, C- unaingia diploma, D unaingia cheti, na hata mwenye E kuna kozi za ufundi stadi. Yote yanaombwa KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo. Hapa mjini tuna Kisumu National Polytechnic, Kakamega kuna Sigalagala. Kupata D si msiba wa kuezekea hema.

Mlezi, niletee hao vijana.

---

Mlezi_Manyatta

Fundi, umesema wewe mwenyewe, usinizimie simu kama wale wa tisheti. Wangapi?

---

Fundi_Friji_Ksm

Wasizidi 8 kwa mara moja, karakana ni ndogo. Nusu wawe wasichana, sitaki kusikia hawakupatikana. Na wasije kutazama. Nina friji mbovu mbili za mitumba, kila kikundi kitapewa moja. Sitawaambia ugonjwa wake.

---

Mwalimu_Njoro

Fundi, na wakuhoji? Lile swali la mwezi mbaya?

---

Fundi_Friji_Ksm

Waniulize. Julai, baridi ikiingia, watu wanasahau kwamba wana friji. Nitawaonyesha daftari langu la Julai, wasije wakadhani ni barafu tupu.

---

Mama_wa_Kondele

Wangu aandikwe kwenye hao 8. Baba yake atafua.

---

Omera_Nyalenda

Mlezi, mdogo wangu ana miaka 16, aliacha shule mwaka jana, anashinda kwenye steji ya boda. Hana tisheti yoyote. Anaweza kuja?

---

Mlezi_Manyatta

Aje, omera. Saa nane. Shilingi 10 akiwa nayo. Orodha ya karakana iko kwa katibu, mimi siigusi, kwa hiyo amwombe yeye mwenyewe. Fundi, wavae nini?

---

Fundi_Friji_Ksm

Viatu vya kufunika vidole. Nywele ndefu zifungwe. Na wabebe kalamu, maana kila atakayegusa geji ataandika alichosoma.